Mikataba Miwili, Nyumba Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Wanandoa Wanaofundisha Kiingereza Korea Kusini

Mke na mume, wote raia wa Afrika Kusini, wanafundisha Kiingereza katika mji mmoja wa mkoani nchini Korea Kusini. Mke ameajiriwa katika shule ya msingi ya umma kupitia EPIK, mpango ulioanzishwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 1995 ili kupeleka walimu wa kigeni katika shule zake. Mume ameajiriwa na kituo binafsi cha tuisheni, cha aina ambayo Wakorea huiita hagwon, wanakokwenda watoto baada ya masomo ya shuleni kumalizika. Katikati ya Julai, zikiwa zimesalia wiki saba hivi mume atimize mwaka wake wa kwanza kazini, mwenye kituo anamkabidhi notisi ya siku 30. Barua hiyo moja inawaondolea mshahara mmoja, nyumba wanayoishi wote wawili, uhakika wa viza ya mume, na kiinua mgongo ambacho kingekuwa haki yake mapema Septemba.

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekijenga juu ya sheria na taratibu zilizopo, na nimekichagua kwa sababu mchanganyiko wa mambo yaliyomo unaweza kuwakuta wanandoa wengi wanaofanya kazi hii. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya hasara yao ilikuwa imekwisha kuandikwa katika mikataba kabla hawajapanda ndege, na kwamba hawakuiona kwa sababu kila mmoja alisoma mkataba wake peke yake, kana kwamba mwenzake alikuwa anakwenda nchi nyingine.

Kwanza, suala la uraia. Walimu wa Kiingereza wa kigeni nchini Korea Kusini hufanya kazi kwa viza ya E-2, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwalimu mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania hafunguliwi mlango huo, hata kama amesoma kwa Kiingereza tangu utotoni na kukifundisha kwa miaka mingi. Naona jambo hilo si la haki, lakini ndiyo sheria, na mwenye kutaka kumfuata mwenzi wake huko sharti alijue mapema, kwa sababu ataingia kama mtegemezi kwa viza ya F-3, ambayo peke yake haimruhusu kufanya kazi. Hata raia wa Afrika Kusini, ingawa wamo katika orodha, hudaiwa uthibitisho kwamba masomo yao ya sekondari na ya chuo kikuu yaliendeshwa kwa Kiingereza. Wanandoa wa kisa chetu walitimiza masharti hayo, kila mmoja akapata E-2 yake, na kwa hiyo hakuna aliyemtegemea mwenzake kisheria. Huo ulikuwa msingi mzuri, na ndio uliowaokoa baadaye.

Tatizo lilianzia kwenye nyumba. Mke alitangulia kukubaliwa na EPIK, ambayo hupokea walimu kwa makundi mawili makubwa, la mwisho wa Februari na la mwisho wa Agosti. Nyaraka za mume zilichelewa kukamilika, akakosa kundi lile, na badala ya kusubiri miezi sita akatafuta kituo cha tuisheni katika mji aliopangiwa mke. Kituo kilimpa nyumba ndogo kama sehemu ya malipo, jambo la kawaida katika ajira hizi. Mwalimu wa EPIK naye hupewa nyumba, au, akijitafutia mwenyewe, hulipwa posho ambayo kwa kawaida ni woni 400,000 kwa mwezi. Wanandoa hawa wakaamua kuishi katika nyumba ya kituo na kuchukua posho ya mke taslimu. Kwa hesabu ya karatasi ni woni milioni 4.8 kwa mwaka zisizogharimiwa chochote, na sidhani kuna wanandoa wengi ambao wangezikataa.

Lakini ukitazama uamuzi huo kwa makini, utaona kwamba waliihamisha nyumba kutoka mkataba imara hadi mkataba dhaifu. Shule ya umma haifungwi kwa kukosa ada. Kituo cha tuisheni huishi kwa ada ya wazazi, mwezi baada ya mwezi. Isitoshe, soko la vituo hivyo linabanwa na jambo ambalo hakuna mwenye kituo awezaye kulizuia: mwaka 2023 kiwango cha uzazi nchini Korea Kusini kilikuwa wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, na miji ya mikoani, ambako vijana wengi wamehamia Seoul na viunga vyake, ndiyo inayopungukiwa watoto waziwazi zaidi. Kwa wanandoa wenye mikataba miwili, nyumba ilipaswa kufungamanishwa na ule usioyumba. Posho ilikuwa bei ya hatari waliyokuwa wameibeba, nao wakaihesabu kama ziada.

Saa za kazi ndizo zilizofanya hatari hiyo isionekane, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili huchukuliwa kuwa usumbufu mdogo wa maisha ya ugenini. Mke huingia shuleni saa 2:30 asubuhi na kutoka saa 10:30 jioni. Mkataba wake ni wa saa 40 kwa wiki, ambamo saa za kufundisha hazizidi 22, na muda uliobaki ni wa maandalizi, tena darasani yumo pamoja na mwalimu Mkorea. Mume huingia kituoni saa 8:00 mchana na kutoka saa 4:00 usiku, kwa kuwa wanafunzi wake hawapatikani mpaka shule zifungwe, na hufundisha peke yake, kipindi baada ya kipindi. Asubuhi mke anaondoka mume akiwa amelala. Usiku mume anarudi mke akiwa anaingia kitandani, kwa sababu lazima aamke saa 12:30. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa wanakutana kwa muda ambao mmoja wao amekwisha kuchoka kiasi cha kutosikia vizuri.

Likizo nazo haziwakutanishi. Likizo ya mke huangukia Agosti na Januari, shule zinapofungwa. Miezi hiyohiyo kituo cha tuisheni huongeza vipindi, kwa sababu wazazi hutaka watoto waitumie likizo kusoma zaidi, na siku chache za mapumziko ya mume hupangwa na mwenye kituo. Zinazobaki ni sikukuu za taifa kama Seollal na Chuseok, ambazo kila moja huleta siku tatu za mapumziko. Watu walio mbali na ndugu na marafiki, ambao karibu mazungumzo yao yote ya maana hufanyika baina yao wawili, walikuwa wamejinyima muda wa kuyafanya.

Matokeo ya mpangilio huo hayakuwa upweke tu. Machi, mwaka mpya wa masomo ulipoanza, madarasa mawili ya mume yaliunganishwa kuwa moja. Aprili mwalimu mmoja Mkorea aliondoka, wala nafasi yake haikujazwa. Mei mshahara ulichelewa kwa siku kadhaa. Kila moja ya habari hizi mume aliisimulia, lakini aliisimulia usiku, kwa mtu aliyekuwa anasinzia, kama kisa cha kazini. Mwisho wa wiki hakuna aliyetaka kuharibu siku mbili za pamoja kwa mazungumzo ya madarasa. Habari iliyoihusu nyumba yao wote ikabaki kuwa habari ya kazi ya mmoja.

Mei hiyohiyo mke aliulizwa kama angependa kuongeza mkataba wake, ambao ungemalizika mwisho wa Agosti. Akakubali kwa masharti yaleyale, posho ikiwemo. Naamini hiyo ndiyo siku ambayo kisa hiki kingeweza kugeuka. Angalikuwa anaona kuunganishwa kwa madarasa, kuondoka kwa mwalimu na kuchelewa kwa mshahara kama dalili tatu za ugonjwa mmoja, angeomba nyumba badala ya posho wakati ambao ombi hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Hakuwa mzembe. Hakupata saa moja ya mchana ya kukaa na mwenzake na kuzipanga habari hizo pamoja.

Sasa tuitazame notisi yenyewe. Sheria ya Viwango vya Kazi ya Korea inamtaka mwajiri atoe taarifa siku 30 kabla ya kumwachisha kazi mtu aliyefanya kazi kwa miezi mitatu au zaidi, la sivyo alipe ujira wa siku 30. Mwenye kituo alilitimiza hilo. Kiinua mgongo, ambacho ni wastani wa ujira wa siku 30 kwa kila mwaka wa utumishi, hustahiliwa na mtu aliyetimiza mwaka mmoja akifanya kazi kwa wastani wa saa 15 au zaidi kwa wiki. Mume, mwenye mshahara wa woni milioni 2.4, angeondoka katikati ya Agosti na kukosa kiasi kinachokaribia hicho kwa kupungukiwa na wiki tatu tu. Kwa Mmarekani, Mkanada au Mwaustralia, pigo hilo lingepunguzwa na marejesho ya michango ya pensheni ya taifa anayolipwa anapohama nchi. Raia wa Afrika Kusini hawamo katika mfumo huo wa pensheni, hawachangii na hawarejeshewi, na kwa hiyo kiinua mgongo ndiyo akiba pekee ambayo ajira yenyewe huwawekea.

Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi bila sababu ya haki upo, lakini kwa sehemu kubwa unahusu mahali pa kazi penye wafanyakazi watano au zaidi, wakihesabiwa kwa wastani wa mwezi uliotangulia. Kituo hiki kilikuwa na mume, walimu wawili Wakorea, karani wa mapokezi na dereva wa basi la watoto. Mwenyewe mmiliki hahesabiwi. Kila kitu basi kilisimama juu ya dereva: kama ni mwajiriwa, wanatimia watano, na mume anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Mahusiano ya Kazi ndani ya miezi mitatu, lakini kama dereva anamiliki basi lake na kulipwa kama mkandarasi, mlango huo unaweza kufungwa. Mume hakuwahi kujiuliza swali hilo kwa karibu mwaka mzima aliopanda basi lile.

Hati zake za mshahara nazo zilikuwa na kasoro. Kila mwezi alikatwa asilimia 3.3, makato ya mtu aliyejiajiri, na hapakuwa na mstari wa bima ya afya. Vituo kadhaa hufanya hivyo ili kukwepa mchango wa mwajiri. Kwa kuwa alijua kwamba pensheni haimhusu, kukosekana kwa mistari ya makato hakukumshtua, na hivyo msamaha halali wa pensheni ukaficha upungufu usio halali wa bima. Mke, ambaye hati yake ilionyesha bima ya afya na kutoonyesha pensheni, angeugundua upungufu huo kwa kuziweka hati mbili mezani kwa dakika tano. Uzuri ni kwamba ofisi ya kazi haifuati jina ambalo mwajiri amempa mtu. Hutazama nani anapanga saa, nani anatoa vitabu, nani anamiliki darasa. Kwa vigezo hivyo mume ni mwajiriwa.

Siku chache baada ya notisi, mwenye kituo alikuja na pendekezo: mume aandike barua ya kujiuzulu, naye atampa barua ya kumwachia, ambayo Idara ya Uhamiaji kwa kawaida huitaka pale mwenye E-2 anapohama mwajiri kabla ya mkataba kwisha. Pendekezo hilo husikika kama hisani. Kwa maoni yangu lilipaswa kukataliwa nusu na kukubaliwa nusu. Barua ya kujiuzulu huigeuza hatua ya mwajiri kuwa hiari ya mfanyakazi na kuua malalamiko yote ya kuachishwa kazi, hata kama hesabu ya dereva ingempa mume haki. Barua ya kumwachia, kwa upande mwingine, inaweza kutolewa ikieleza ukweli kwamba kituo ndicho kilichositisha mkataba. Mume alikuwa na cha kuzungumzia: makato ya asilimia 3.3, bima isiyolipwa, na idadi ya wafanyakazi inayobishaniwa. Alipoyaeleza kwa utulivu, akiwa na hati mkononi, alipewa barua bila kujiuzulu. Kuongezewa wiki tatu ili mwaka utimie alikataliwa.

Wiki hiyohiyo wazazi wawili walimwomba awafundishe watoto wao nyumbani kwa malipo ya taslimu. Nia yao ilikuwa njema, na fedha zilihitajika. Lakini mwenye E-2 haruhusiwi kufundisha watu binafsi, na kufundisha mahali pengine bila kibali ni kosa linaloweza kuleta faini na hata kuondolewa nchini. Kosa kama hilo lingemfungia mume njia ya viza kabisa wakati ule ule alipohitaji rekodi safi kuliko wakati wowote. Alikataa, na hapo sioni la kujadili.

Kuhusu viza, mume alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kupata mwajiri mpya kabla ya katikati ya Agosti na kuhamisha E-2. Ya pili ilikuwa kubadili hadi D-10, viza ya mtafuta kazi. Ya tatu ilikuwa kuingia chini ya mke kwa F-3, ambayo ingemlinda asilazimike kuondoka hata kama utafutaji wa kazi ungechukua miezi. Njia hii ya tatu ndiyo iliyokuwa salama kuliko zote, nayo ndiyo iliyokwama, kwa sababu ilihitaji cheti cha ndoa chenye apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha hati ili itambuliwe katika nchi nyingine, na cheti hicho hawakukileta. Walikuja na shahada na hati za polisi, zote zikiwa na mihuri yake, kwa kuwa Korea Kusini imo katika Mkataba wa Apostili tangu mwaka 2007. Cheti cha ndoa hakikuombwa na yeyote, kwa vile kila mmoja aliingia kwa ajira yake. Sasa iliwabidi waombe cheti kamili kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Afrika Kusini, kisha kipelekwe Pretoria kwenye wizara ya mambo ya nje kupigwa muhuri, yote hayo kupitia ndugu aliye nyumbani. Kazi hiyo ilipaswa kuanza siku ileile ya notisi, nao waliianza baada ya wiki mbili. Nawasihi wanandoa wanaofungasha sasa waifanye kabla ya safari, wakati ofisi zote mbili ziko karibu nao.

Mume alihamia D-10, na baada ya wiki kadhaa akapata kazi katika kituo kingine, chenye darasa la watoto wadogo wanaosoma asubuhi, kuanzia saa 3:00 hadi saa 12:00 jioni. Mshahara ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa kwanza. Nadhani alifanya vyema kuukubali, na kama wangeniuliza ningesema kwamba saa nne za jioni za pamoja, siku tano kwa wiki, zina thamani kuliko tofauti ile, hata kwa mtu anayetazama fedha peke yake. Kama saa hizo zingekuwepo tangu mwanzo, mazungumzo ya Machi yangefanyika mezani.

Kituo kipya nacho kilikuwa na nyumba ya kutoa, na kishawishi kilikuwa kikubwa, kwa sababu siku ya kuhama ilikuwa imekaribia na ofisi ya elimu ilikuwa imekataa kubadili posho ya mke kuwa nyumba baada ya mkataba kusainiwa. Waliikataa nyumba hiyo. Wakapanga nyumba ndogo kwa jina la mke, kwa utaratibu wa wolse, ambao mpangaji huweka dhamana kisha hulipa kodi kila mwezi. Dhamana ilikuwa woni milioni 5, na kodi ilikaribiana na posho. Dhamana ndiyo iliyowaumiza. Posho za miezi 11 zingetosha karibu kuilipa yote, lakini zaidi ya nusu ya posho hizo ilikuwa imekwisha kutumwa nyumbani kulipia deni la masomo, deni ambalo lingeweza kusubiri. Waliazima kilichopungua. Dhamana hurejeshwa mpangaji akiondoka bila madeni wala uharibifu, kwa hiyo fedha hiyo bado ni yao, ingawa hawawezi kuigusa.

Mambo mawili hayajaamuliwa. Malalamiko kwenye Tume bado yamo ndani ya miezi mitatu, na mume anasita kuyapeleka kwa kuogopa sifa mbaya katika mji mdogo. Ningemshauri aulizie kwanza mkataba wa dereva, kwa sababu bila jibu la swali hilo hajui anasita juu ya nini. La pili ni tarehe. Kazi mpya ya mume ilianza Oktoba, na mwaka wake utatimia mwisho wa Septemba. Mkataba wa mke utakwisha mwisho wa Agosti, na Mei ataulizwa tena kama anaongeza. Wakiamua kurudi nyumbani mwaka huo, kutakuwa na takriban wiki tano ambazo mume lazima abaki kazini ili apate kiinua mgongo, wakati viza ya mke imekwisha na posho imekoma. Kodi ya wiki hizo tano inabidi itengwe kuanzia sasa. Na mke, ili asiondoke peke yake, atalazimika kuomba F-3 chini ya mume kabla E-2 yake haijakwisha, kwa cheti kile cha ndoa ambacho safari hii kimekwisha kufika.